Wimbo Uliobaki Nje ya CD

Kabale alikuwa amejipanga vizuri. Siku Tache atakapotokea mlangoni, asiinue macho. Amalize kwanza kazi iliyo mkononi, afute meza, apange kebo zisizohitaji kupangwa, kisha ndipo aulize, kama anayeuliza mgeni yeyote, "Nikusaidie na nini?" Maneno hayo alikuwa akiyafanyia mazoezi tangu mvua za mwaka jana, mbele ya kioo na bila kioo. Alasiri ile Tache alipotokea kweli, akainamisha kichwa chini ya bati la mlango kama kawaida yake, Kabale aliinua macho kabla hata ya salaam. Moyo haufundishiki, jamani.

"Salaam aleikum," Tache alisema.

"Waaleikum salaam."

Tache alikuwa yuleyule, mrefu, mwenye macho ya mtu aliyeangalia barabara usiku kucha, shati lake likinuka vumbi na mbuzi kidogo. Kabale alikuwa amesahau jinsi alivyozoea harufu hiyo, na alikasirika kuikumbuka haraka hivyo.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja cha kukodi mtaa wa Bulla Pesa, mjini Isiolo, nyumba ya tatu kutoka kwao. Ndani mlikuwa na kompyuta ya mezani, spika mbili, kiti cha mteja na ukuta uliojaa makasha ya CD. Siku hizi vijana wanawekewa nyimbo kwenye simu au kwenye flash. Lakini madereva wa malori ya mifugo, wale wanaoshuka na ng'ombe kutoka Marsabit na Moyale, bado wana redio za zamani ambazo chakula chake ni CD tu. Maduka mengine mjini yalishatupa mitambo hiyo. Kabale alibaki na wake, na madereva walibaki naye.

"Umekonda," Tache alisema.

"Umekuja kunipima kilo?"

"Hapana." Alikuna shingo. "Nimekuja kukwambia, mama anakuja."

Kitambaa cha kufutia meza kilisimama. "Mama nani?"

"Mama yangu. Ako hapo kwa duka ya leso. Atafika saa hii."

"Anakuja kufanya nini kwangu? Yale ya harusi hayakutosha, ameona amalizie?"

Yale ya harusi kila mtu aliyajua. Mtaa wa Kiwanjani, kwa kina Tache, kulikuwa na harusi, wanawake wamekaa wakinywa chai, mmoja akamtania Wato, mama yake Tache, kwamba mwanawe ameonekana mara nyingi dukani kwa Kabale. Wato akasema, bila kupunguza sauti, "Msichana anashinda na madereva kutwa, anawapigia muziki. Huyo ni wa kuletwa boma langu?" Neno hilo lilifika Bulla Pesa kabla ya chai kupoa. Mama yake Kabale alilia siku mbili. Kabale hakulia. Alimwita Tache na kumwambia jambo moja: nyumba ambayo mwenyewe amenifungia mlango, siwezi kuingia kwa dirisha. Mama yako akinitaka, aje yeye. Asipokuja, na wewe usije.

Tache akaacha kuja. Ni mwanaume anayelala kwenye lori porini na kuamka anacheka, lakini mbele ya mama yake alikuwa mtoto wa kupakatwa. Kabale alimpenda hata kwa hilo, na ndilo lililomuuma zaidi.

"Si mambo yetu inamleta," Tache alisema sasa. "Ni dada yake wa Merti, Darmi. Macho yake imeanza kwenda. Anataka nyimbo za mama. Nimezirekodi kwa simu, lakini yeye simu hawezi, ako na redio ya CD. Nikamwambia mama, mtu wa kuburn CD hapa Isiolo amebaki mmoja tu."

"Na akakubali?"

"Alikaa kimya siku tatu. Leo asubuhi akasema, twende."

Kabale alitaka kucheka na kutupa kitu kwa pamoja. Akavuta kiti, akakaa.

"Kuna ingine," Tache alisema, na sauti yake ikashuka. "Ijumaa wazee wanataka kupeleka kahawa Garba Tula. Kuna nyumba wameichagua. Hawajatuma neno bado. Wanangoja mama aseme ndiyo."

Kabale hakuhitaji kuelezwa kahawa ni nini. Wazee wakishabeba kahawa na kuingia kwa mlango wa watu, na kahawa ikapokewa, msichana wa nyumba hiyo ana mwenyewe. Ijumaa ilikuwa keshokutwa.

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nakutaka wewe. Unajua."

"Umeniambia mimi. Yeye je?"

"Nimemwambia. Jana, mbele ya baba mdogo. Nikasema kama si Kabale, wasipeleke kahawa popote." Alimtazama moja kwa moja, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aingie. "Hakunijibu. Lakini hakunikatiza pia."

Kabale alikuwa na maneno mengi ya kusema, mengine matamu, mengine ya kuchoma. Hakupata nafasi ya kusema hata moja. Kivuli kilisimama mlangoni, na mwanamke mwembamba, mtandio wa kijani kichwani, akaingia akiwa amekumbatia kitu kilichofungwa kwa leso.

"Salaam aleikum."

"Waaleikum salaam, mama. Karibu kiti."

Walisalimiana kama watu wanavyosalimiana hata wakiwa na mambo: amani ya nyumbani, amani ya watoto, amani ya mifugo, mvua. Mikono ilishikana vizuri na macho yakapishana. Kisha Wato akamgeukia mwanawe.

"Wewe toka nje. Hii duka ni ndogo."

Tache akatoka. Alisimama ng'ambo ya njia, mgongo kwenye ukuta wa fundi cherehani, akajifanya anasoma simu kwenye kiganja kitupu. Simu yenyewe alikuwa amemwachia Kabale mezani.

Wato alifungua leso, akatoa redio nyeusi, ya mviringo, yenye mkono wa kubebea na kifuniko juu. "Darmi ametuma hii na gari ya Merti, tujaribu CD kwa hii hii. Amesema hataki kuletewa kitu haifanyi kazi."

"Sawa, mama."

"Gari inarudi jioni."

"Itakuwa tayari."

Kabale alichomeka simu kwenye kompyuta. Nyimbo zilikuwa kumi na mbili, na Tache alikuwa amezipa majina ya kuchekesha: Mama Anakamua, Mama na Mtoto, Mama Amekasirika na Fisi. Alizihamisha, akazibana ziwe MP3 kama anavyofanya siku zote, akatoa CD tupu, akaifuta kwa pindo la mtandio wake na kuitia kwenye mtambo. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa kwenye kioo cha kompyuta. Wato aliutazama mstari ule kama anayetazama maziwa jikoni.

"Inaimba sasa?"

"Bado. Inaandika. Mwanga unachoma nyimbo kwa CD, kidogo kidogo."

"Haitaharibu sauti?"

"Hapana, mama."

Kabale alihisi anapimwa, kuanzia kucha hadi mtandio. Akaketi wima. Mtu akikutukana huwezi kumwonyesha kwamba unangoja akupende, ingawa ndicho alichokuwa anangoja, na alijichukia kwa hilo.

Mlango ukatiwa giza tena. Safari hii ni Ekitela, dereva wa Ngaremara, kofia imekaa upande. "Dada Kabale! Ile ya injili na ile ya benga, uko nayo?" Alipomwona Wato akavua kofia. "Habari yako, mama."

"Mzuri."

"Ziko tayari," Kabale alisema, akamkabidhi CD mbili juu ya meza. "Usiziweke kwa dashibodi juani tena. Ukirudi na zimepinda sitakuchomea bure."

"Yes, madam." Ekitela alimgeukia Wato, mkono mdomoni kama anayetoa siri. "Mama, huyu binti ni mkali. Ukikaa kwa hiyo kiti bila kazi, anakufukuza. Sisi wote tunamwogopa. Hata mke wangu amesema kama ni kwa Kabale, naweza chelewa hapo, hana wasiwasi."

Akacheka peke yake, akalipa, akaaga, akaenda. Kabale alikuwa ameinamia kibodi, masikio yakiwaka moto. Wato alinyoosha pindo la leso kwenye goti lake, akalikunja, akalinyoosha tena.

CD ilitoka. Kabale aliitia kwenye redio ya Darmi, akafunga kifuniko, akabonyeza kitufe kikubwa. Redio ikazungusha, ikanguruma kidogo, ikaandika sifuri. Akajaribu tena. Sifuri.

"Haiimbi," Wato alisema.

Kabale alijipiga paji la uso. Kosa lilikuwa lake, na lilikuwa la mazoea. Madereva wote wanataka MP3, kwa sababu CD moja inabeba nyimbo za kutoka Isiolo mpaka Moyale na kurudi, na yeye alikuwa ameichoma hii vilevile bila kuitazama redio. Angalau angesoma maandishi kwenye kifuniko.

"Ni makosa yangu, mama. Hizi nyimbo nimezibana. Ni kama nguo, ukizikunja na kuzikalia, begi moja inabeba zote. Lakini hii redio ni ya zamani, haijui kukunjua. Inataka nguo imenyooshwa."

"Basi nyoosha."

"Nitanyoosha. Lakini zikinyooshwa, CD moja inabeba saa moja na kitu tu. Hizi zako zinapita saa moja na nusu."

"Kwa hiyo?"

"Tufanye CD mbili."

Wato akatikisa kichwa. "Darmi haoni. Moja itakuwa ndani, ya pili itapotea chini ya kitanda, mtoto ataifanya gurudumu. Mimi nataka moja, nifunge hiki kifuniko na kamba, yeye abonyeze tu."

"Basi itabidi tutoe zingine."

"Toa."

"Mimi siwezi kuchagua, mama. Ni zako."

Wato alisogeza kiti. Njia pekee ya kuchagua nyimbo ni kuzisikiliza. Na kati ya zile spika mbili moja tu ilikuwa nzima, nayo ilikuwa upande wa Kabale. Wakajikuta wamekaa bega kwa bega, mwanamke na msichana ambao mwaka mzima walipishana sokoni kama hawajuani.

Wimbo wa kwanza ulikuwa wa kukamua. Sauti ya Wato kwenye spika ilikuwa nyembamba na changa kuliko yeye, na nyuma yake maziwa yalisikika yakigonga chombo. Wa pili ulikuwa wa kubembeleza mtoto. Kabale alikuwa amesikia wimbo huo kwa bibi yake, lakini hapa palikuwa na maneno mengine, jina la kisima, jina la ndama, na ahadi kwa mtoto kwamba baba yake atarudi kabla nyota hazijazama. Machozi yalimtoka bila ruhusa. Akayafuta upesi, lakini si upesi wa kutosha.

"Unalia nini?"

"Huu bibi yangu alikuwa anatuimbia. Lakini hakujua hapa katikati."

"Hapo katikati tuliongeza mimi na Darmi," Wato alisema, na kwa mara ya kwanza uso wake ukalegea. "Tulikuwa wasichana. Alipoolewa Merti tukawa tunatumiana kaseti. Anaimba upande mmoja, mimi naimba upande wa pili, namrudishia. Hakuna simu wakati hiyo. Ukitaka kusikia dada yako unangoja gari ya mbuzi. Siku moja kaseti ilikuja, nikaweka, nikasikia amelia tu, upande mzima. Mtoto wake alikuwa amekufa. Hakuwa na mtu mwingine wa kumwambia."

"Ulifanya nini?"

"Nikaimba upande wangu. Hii ya mtoto. Nikamrudishia."

Kabale alijua sasa kwamba CD hii haikuwa ya burudani, na kwamba mwanamke huyu, kwa kiburi chake chote, alikuja kwenye mlango wa mtu ambaye yeye mwenyewe alimtukana, kwa sababu dada yake alikuwa anaingia gizani. Hasira aliyoifuga mwaka mzima ikaanza kumponyoka, naye akajaribu kuishikilia. Binadamu anapenda hasira yake.

Wakaendelea. Wimbo wa fisi ukatolewa. Wato alisema ulikuwa upuuzi, Kabale akasema ulikuwa mzuri, wakacheka wote wawili na wote wawili wakashtuka kwamba wamecheka. Nje, Tache aliinua kichwa. Kwenye dirisha dogo macho yake na ya Kabale yakakutana. Alimuuliza kwa nyusi, kuna nini? Kabale akageuza uso, lakini alichelewa, tabasamu lilikuwa limeonekana.

"Bado haitoshi," Kabale alisema baada ya kujumlisha. "Kuna huu wa mwisho, ni mrefu sana. Ukiutoa huu, zingine zote zinaingia."

"Ni gani?"

Kabale aliubonyeza. Ulikuwa wimbo wa kumpokea bibi harusi. Wato aliuimba peke yake lakini polepole, akiacha nafasi pale ambapo wanawake wengine wangeitikia: mwambie miguu yake isiogope kizingiti, mwambie maziwa yamehifadhiwa kwa ajili yake, mwambie aliyemzaa kwamba hapa kuna mama mwingine. Kabale alisikiliza huku akiiangalia meza. Alikuwa anamwona msichana wa Garba Tula, ambaye hakumjua hata sura, akivuka kizingiti hicho. Ilimuuma mahali ambapo hakujua panauma.

"Huo toa," Wato alisema.

"Mama, ndio mzuri kuliko zote."

"Ndiyo maana natoa. Wimbo wa kupokea bibi harusi haiimbwi na redio. Darmi akitaka kuisikia, atapandishwa gari, aletwe Kiwanjani, aisikie mlangoni kwangu. Mdomo bado niko nao."

Kabale alikusanya ujasiri wake wote. "Atakuja lini kuusikia? Baada ya Ijumaa?"

Wato alimgeukia. Wakati huu macho hayakupishana.

"Amekwambia ya Garba Tula."

"Ameniambia."

"Hiyo ni maneno ya wazee. Mimi sijasema ndiyo." Aliishika leso kwa mikono yote miwili. "Sikiliza. Mimi nilikusema vibaya. Sikukujua, nilisikia muziki kwa mlango na madereva wanaingia, nikasema. Usiku huo sikulala vizuri. Nikasema nitakuja. Nikaona aibu. Mtu mzima akiona aibu anakuwa mkali, ndio iko hivyo. Darmi ndiye aliambia mtoto wa hapo anipigie simu, akasema, wewe unangoja nini, mpaka mtoto wako azeeke? Hizi nyimbo anazitaka, lakini pia alijua mahali CD inachomwa."

"Kwa hivyo ni yeye amekutuma."

"Amenisukuma. Kuja nimekuja mwenyewe." Akavuta pumzi. "Nilikukosea, na nilimkosea mama yako. Kesho nitaenda kwake nimwambie hivyo hivyo. Wewe si lazima unijibu. Choma hiyo kitu, gari isiniache."

Kabale alirudi kwenye kompyuta kwa sababu mikono yake ilihitaji kazi. Aliutoa wimbo wa mwisho kwenye orodha. Alizikunjua zilizobaki, akachagua mwendo wa pole kabisa, kwa kuwa redio za zamani hazipendi CD iliyochomwa kwa haraka, na akabonyeza. Mstari wa kijani ulitambaa. Kabale alikuwa amengoja maneno haya mwaka mzima. Alikuwa amepanga hata namna ya kuyapokea, kwa kichwa kilichoinuliwa, kwa jibu fupi la kukata. Sasa yamekuja, na jibu lile halikuonekana popote. Alichokiona ni mikono ya Wato, yenye mishipa, ikiishikilia leso kama mtu aliye kwenye foleni ya daktari. Alimwonea huruma. Na chini ya huruma hiyo, kimya na imara, kulikuwa na kitu kingine ambacho alikitambua kwa mshangao. Alikuwa anampenda huyu mama.

CD ilipotoka alisubiri ipoe, akaiweka kwenye redio, akabonyeza. Namba moja. Kisha maziwa yakigonga chombo, na sauti. Wato akaziba mdomo kwa pindo la mtandio. Alisikiliza wimbo wote wa kukamua bila kutikisika.

"Darmi atajua ni mimi," alisema.

"Atajua kwa pumzi ya kwanza."

"Itoe uandike juu. Hao watoto wa Merti wako na CD za michezo, siku wakifungua wajue hii ni ya nani. Andika jina yangu. Kubwa."

Kabale alitoa CD, akachukua maka, akaandika kwa herufi kubwa: NYIMBO ZA. Hapo mkono ukasimama.

Wato alisubiri. "Wino imeisha?"

"Hapana."

"Umesahau jina yangu?"

"Sijasahau."

"Basi andika. Na uniambie unavyoandika, mimi sisomi."

Kabale alifungua mdomo, akaufunga. Sasa msomaji wangu ambaye hukuzaliwa huku, nikueleze kidogo. Kwa Waborana, mwanamke akishakuwa wa nyumba fulani, jina la mama wa mume wake halipiti tena kinywani mwake. Atamwita mama, atamwita kwa majina ya watoto, ataizunguka njia ndefu, lakini jina lenyewe hatalitamka mpaka mmoja wao azikwe. Ni heshima, na kawaida huanza baada ya wazee kukubaliana. Kabale hakuwa ameletewa hata punje moja ya kahawa. Angeweza kulitamka jina hilo mara mia na hakuna wa kumlaumu.

"Siwezi," alisema.

"Huwezi nini?"

"Siwezi kulitaja."

Fundi cherehani alikuwa anashona; mashine yake ilisikika ikienda, ikasimama, ikaenda. Wato alimtazama msichana huyu aliyeinamisha kichwa, maka mkononi, na polepole uso wake ukabadilika.

"Kahawa haijafika kwenu," alisema kwa sauti ndogo.

"Najua."

"Hakuna mtu amekulazimisha."

"Najua, mama. Lakini ulimi umekataa."

Wato aliinuka. Alimwekea Kabale mkono kichwani, juu ya mtandio, akauacha hapo kwa muda. Kisha mama akavuta pumzi na kuita kwa nguvu mpaka fundi cherehani akaacha kushona.

"Tache! Njoo hapa!"

Tache alivuka njia mbio, akasahau bati la mlango, likamgonga kichwa. "Kuna nini?"

"Njoo uandike jina ya mama yako. Huyu msichana amekataa."

Rangi ikamtoka. Alimtazama Kabale, akamtazama mama yake, akaona machozi kwenye nyuso zote mbili na kuyaelewa vibaya, kama wanaume wanavyoyaelewa. "Amekataa? Kabale, ni jina tu. Hata kama una hasira na sisi, kuandika tu jina la..."

Naye ni Mborana, hakuhitaji kuelezwa. Aliiangalia CD, zile herufi zilizosimama nusu ya njia, kisha akamwangalia Kabale, na Kabale hakugeuza uso tena. Alimwacha amwone, macho, machozi na yote.

"Chukua maka," Kabale alimwambia. "Mama ana gari la kuwahi."

Tache aliichukua, akaishika kichwa chini, akaigeuza. Herufi zake zilitoka zimepinda kama njia ya mbuzi. Wato hakuwa anamtazama. Alikuwa ameokota simu ya mwanawe mezani, amempigia shemeji yake, yule baba mdogo wa Tache, na kama ilivyo desturi ya watu wa rika lake, alizungumza kwa sauti kubwa kana kwamba simu haina kazi yoyote.

"Ndiyo, ni mimi. Sikiliza, ile kahawa ya Ijumaa. Garba Tula hapana... Nimesema hapana. Mwambie mwenye gari asilete gari... Hapana, haihitajiki. Ni hapa Bulla Pesa tu, mtakuja na miguu."